Mashine ya dogo wa Tabata: makosa mawili ndani ya kanzu moja

Sasa bwana, hiki kisa nimekuwa nakisimulia nusu nusu kila nikikutana na mtu analalamika "mashine yangu inajizima tu yenyewe bila sababu", nikaona leo nikiandike chote kama kilivyokwenda, pamoja na sehemu nilizochemka mwenyewe, maana nilichemka kweli na sio mara moja.

Mwenye mashine ni dogo mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, kazi yake kupiga na kuediti video za harusi na sendoff. Kompyuta kaiunga mwenyewe, kifaa kimoja kimoja kadri hela ilivyopatikana: prosesa Ryzen 5 3600, maza bodi ya B450, kadi ya grafiki GTX 1660 Super ya mtumba, SSD ya kuwashia na diski ngumu (hard disk) ya zamani ya kutunzia kazi za wateja. Ramu (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) alianza na vijiti viwili vya GB 8, baadaye akaona programu ya kuediti inakula ramu kama mchwa, akaongeza viwili vingine vya GB 8, vya kampuni nyingine, mtumba pia, akafika 32. Pawasaplai, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa ukutani kulisha mashine, hakununua, ilikuja ndani ya keisi, imeandikwa 750W kwa herufi kubwa za dhahabu. Naomba uikumbuke hiyo pawasaplai.

Alinipigia siku ya Jumatatu. "Bro shikamoo. Mashine imechizi, sina raha, nina sendoff tatu za watu sijazikabidhi."

Nikamwambia marahaba, imechizije? Akasema mara skrini ya bluu, mara inakuwa nyeusi inajiwasha upya, mara asubuhi akiwa anaangalia tu vitu mtandaoni, mara katikati ya kurenda (mashine inaunganisha video aliyoediti kuwa faili la mwisho) ikiwa imebaki asilimia kumi, haina mpangilio wowote bro, inajiamulia.

Kabla yangu walishapita watu. Wa kwanza alisema virusi, akapiga Windows upya, dogo akapoteza wikiendi nzima kurudisha programu zake na tatizo likarudi siku ya pili. Wa pili alisema ni joto, akabadilisha ile krimu ya kwenye prosesa (halikuwa wazo baya, ila prosesa ilikuwa inafika nyuzi 78 tu ikirenda na kikomo chake ni 95, kwa hiyo joto halikuwa na kesi). Duka lililomuuzia ramu likambadilishia vile vijiti viwili, likabadilisha tena, hamna kitu. Mjomba wake yeye alishafika kwenye hitimisho kwamba kuna mtu wa karibu hafurahii maendeleo ya kijana.

Nikamwambia lete mashine Sinza kwangu.

Kitu cha kwanza ninachofanyaga ni kuiambia Windows isijiwashe upya ikianguka, kuna kitiki cha kutoa kwenye mipangilio ya mfumo, maana bila hivyo skrini ya bluu inaweza kupita kwa sekunde chache mtu akiwa jikoni, akirudi anakuta mashine imewaka upya anasema "ilizima". Cha pili nikafungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, nikachuja tukio la Kernel-Power namba 41. Wengi wakiiona hiyo 41 wanaishangilia kama wamemkamata mwizi, wanasema "aa, Power, basi ni pawasaplai", aisee sio hivyo. Hiyo 41 ni Windows imezinduka inasema "nimeamka na sikumbuki nililalaje", basi, inaandikwa hata ukichomoa waya ukutani kwa makusudi. Utamu uko ndani, ukifungua maelezo yake kuna sehemu imeandikwa BugcheckCode. Ikiwa sifuri maana yake mashine ilikata bila kuwahi kusema neno. Ikiwa na namba basi iliwahi kulia kabla ya kuanguka, na hiyo namba inaandikwa kwa kawaida yetu ya kumi kumi, wakati skrini ya bluu inaandika kwa hesabu ya kumi na sita inayoanza na 0x, kwa hiyo 26 ndo ile 0x1A unayoiona kwenye skrini ya bluu, 80 ndo 0x50, na 10 ndo 0xA.

Nikahesabu ya mwezi mmoja: matukio 23. Tisa yana namba, kumi na nne ni sifuri. Niliyaandika kabisa kwenye karatasi, safu mbili, huku namba huku sifuri.

Hapo ndo nilipochemka mara ya kwanza. Jibu lilikuwa mezani, safu mbili, tena safu ya sifuri ndo kubwa. Mi nikajisemea ni kitu kile kile, hizo sifuri ni mashine ilishindwa tu kuandika taarifa kabla haijakata (inatokeaga hivyo kweli, ndo maana nilijidanganya vizuri). Nikaifuata safu ya namba kwa sababu ina maneno mengi. Fundi anapenda kosa linaloongea.

Zile tisa zilikuwa mchanganyiko wa 26, 80 na 10, na nilipozifungua kwenye BlueScreenView, programu ya kusoma ripoti za skrini ya bluu, kila moja inamshtaki mtu tofauti, hii inasema draiva (programu inayoendesha kifaa) ya grafiki, ile draiva ya mtandao, nyingine kiini cha Windows chenyewe. Kwa uzoefu wangu, ukiona kila siku mshtakiwa ni mwingine na makosa yote yanahusu kumbukumbu, acha kuwasumbua washtakiwa, angalia ramu. Draiva mbovu ina tabia ya kurudia jina lake.

Nikaingia bayosi, mipangilio ya maza bodi yenyewe, nikakuta XMP (mpangilio wa kasi unaokuja na ramu) imewashwa, vijiti vyote vinne vinakimbia kasi ya 3200. Nikatengeneza flashi ya Memtest86+, programu ya kupima ramu, nikaiacha. Haikumaliza hata raundi ya kwanza, makosa mekundu yakaanza kutiririka. Nikachekaa, nikampigia dogo nikamwambia ni ramu. Akasema "lakini bro duka lishabadilisha mara mbili". Ukiuziwa nyanya mbovu mara tatu mfululizo na kila mara zinatoka tenga tofauti, unaanza kujiuliza kama tatizo ni nyanya au ni kikapu chako.

Nikatoa viwili vya mtumba, nikabakiza vya mwanzo, XMP hiyo hiyo 3200, Memtest ikapita safi. Sawa, vibovu ni vya mtumba. Nikavitoa vya mwanzo nikaweka vya mtumba peke yao, 3200, nikasubiri makosa. Ikapita safi. Nikarudia nikidhani nimekosea kuchomeka. Ikapita tena. Nikarudisha vyote vinne: makosa.

Kwa hiyo hakuna kijiti kibovu hata kimoja, ndo maana duka lilikuwa linabadilisha bure, na nina hakika walirudishiwa vijiti vizima wakaviuza kwa mwingine. Kazi ya kuongea na ramu inafanywa na prosesa yenyewe, na AMD kwa hizo Ryzen za kundi la 3000 wanaahidi 3200 ukiwa na vijiti viwili tu. Ukiweka vinne ahadi inashuka, vya safu moja ya chipu (single rank) 2933, vya safu mbili (dual rank) 2667. XMP ni ahadi ya mtengenezaji wa ramu, tena kwa seti ile aliyoipima na kuifunga pamoja kwenye paketi, haijui kama umeongeza vijiti vya ukoo mwingine. Nikashusha hadi 2666, volti nikaziacha kwenye 1.35, Memtest ikalala inakimbia usiku kucha, asubuhi raundi nne, makosa sifuri. Baada ya hapo nikaibana na OCCT, programu ya kuikamua mashine, mchana mzima, prosesa na kadi ya grafiki kwa pamoja, feni zinalia kama mashine ya kusaga. Haikutikisika.

Dogo akaja kuichukua kwa bodaboda, kaikumbatia kama mtoto. Nikapokea changu. Nikajiona.

Siku ya nne, saa mbili usiku, simu. "Bro. Imerudi."

Sitasema nilichojibu, ila nilimuuliza bluu au nyeusi? Akasema nyeusi, inakata fyuu halafu inawaka. Bluu tangu atoke kwangu hajaiona hata moja. Ndo nikaikumbuka ile karatasi, ilikuwa bado chini ya kibodi na alama ya kikombe cha chai juu yake. Zile sifuri kumi na nne. Dogo alikuwa na magonjwa mawili, mi nimetibu moja nikamruhusu mgonjwa.

Nikampa kazi moja tu. Chukua daftari, kila ikikata andika saa, ulikuwa unafanya nini, na kitu chochote kilichokuwa kinaendelea pale nyumbani, hata kama ni mtu kapika ugali. Akaona namzingua ila akaandika. Siku tisa baadaye akanitumia picha ya ukurasa, matukio sita, na hapo kukawa na kakero kadogo maana kaandika nyingine saa za Kiswahili nyingine kaziiga kwenye skrini, kuna "1:20" na kuna "19:45" kwenye ukurasa mmoja, ikabidi nikae nazilinganisha na zile za Event Viewer moja moja. Zikatulia hivi: tano zote ni kati ya saa kumi na mbili jioni na saa nne usiku. Moja ni Jumamosi saa tatu asubuhi. Zote sita alikuwa anarenda. Hakuna hata moja akiwa anaangalia tu vitu mtandaoni.

"Haina mpangilio" ikafia hapo.

Nikachemka tena lakini. Kurenda tu? Basi kadi ya grafiki, mtumba, nani ajue ilitoka wapi, labda ilikuwa kwenye mashamba ya kuchimbia sarafu za mtandaoni huko ilikotoka. Nikamwambia apunguze nguvu ya kadi hadi asilimia 70 kwenye Afterburner, programu ya kurekebisha kadi ya grafiki. Na balaa ni kwamba ilisaidia! Wiki ile ilikata mara moja tu. Hiki kitu ni kibaya kuliko dawa isiyofanya kazi, dawa inayofanya kazi nusu, kwa sababu nilikuwa karibu kumwambia auze kadi atafute nyingine, na kadi ya watu haina kosa lolote. Kilichonizuia ni Jumamosi. Kadi mbovu inajuaje kwamba ni jioni, na inajuaje Jumamosi ni asubuhi?

Halafu swali lililonitoa jasho: mbona kwangu Sinza ilibanwa siku nzima haikukata? Nikageuka nikaangalia nyuma ya meza yangu. Meza yangu ya kupimia iko kwenye UPS, lile boksi la betri la kushika umeme ukiyumba au kukatika. Miaka yote iko kwenye UPS. Nimechukua mashine inayougua ugonjwa wa umeme nikaipima mahali ambapo umeme umeshachujwa, halafu nikaandika cheti kwamba ni mzima.

Ijumaa jioni nikaenda Tabata na maltimita.

Dogo kapanga chumba na sebule upande wa nyuma, mama mwenye nyumba anakaa mbele na familia yake, mita ya LUKU ni moja wanachangia. Nikakaa kwenye kitanda, dogo akaanzisha kurenda sendoff ya watu, mi nimechomeka maltimita kwenye soketi ya pili ya ekstensheni, nimeiweka kwenye ile hali ya kukumbuka namba ya chini kabisa. Inasoma 196, 194, 195. Asubuhi yake nilimwelekeza dogo apime akapata 226. Kwa hiyo jioni umeme wa pale unashuka, mtaa mzima umerudi nyumbani, watu wanapasi nguo, wanapika, friji zimefunguliwa, kawaida ya mitaa mingi hiyo.

Tukakaa dakika arobaini tunapiga stori. Mtoto wa mama mwenye nyumba akapita na taulo kwenda bafuni. Maji yakaanza kumwagika kule ndani. Baada ya kitambo kidogo nje ya dirisha kikasikika kimlio kama mtu kakohoa ndani ya ndoo, *ngrrr*, taa ya chumbani ikapepesa, feni ya dari ikashusha pumzi, na mashine ikakata. Fyuu. Ikawaka yenyewe. Na nje pale mvumo umetulia, uuuuum.

Tukatazamana.

"Dogo, nini hicho nje?"

"Pampu bro. Inapandisha maji kwenye simtanki."

"Nani kaiwasha?"

"Hamna mtu, ina floti, maji yakipungua juu inajiwasha."

Namba ya chini kwenye maltimita: 158.

Nikatoka nikamsalimia mama mwenye nyumba, shikamoo, marahaba mwanangu, nikamweleza kwa adabu kwamba nahisi pampu yake ndo inazima kompyuta ya kijana. Akaniangalia kwa huruma. "Kwani kompyuta yake inakunywa maji?"

Ngoja nieleze kilichokuwa kinatokea, maana tivii ya mama iko mstari ule ule wala haizimi, na dogo mwenyewe alinibishia kwa hoja hiyo hiyo. Pampu ile ni ya hosi pawa moja. Ikishakimbia inavuta ampea tano hivi, ila ule mkohoo wa kuanza mota inavuta mara tano sita zaidi, kwa muda mfupi sana, chini ya sekunde. Volti zinadidimia muda huo halafu zinarudi. Tivii ya kisasa ukigeuza nyuma imeandikwa 100 hadi 240, hiyo 158 kwake ni siku ya kawaida. Laptopu ina betri, haijui hata kama kuna jambo. Pawasaplai ya dogo sasa, nikaigeuza nyuma nikakuta kile kiswichi chekundu cha 115 na 230. Ukiona hicho kiswichi jua ni ya kizamani, haina ule mfumo wa kurekebisha umeme unaoingia, imekariri 230 yake na ukishuka sana inakata tamaa.

Tukaisoma lebo. Juu imeandikwa 750W. Chini kwenye jedwali, herufi ndogo, 12V ampea 24. Zidisha: 288. Na prosesa na kadi ya grafiki, walaji wakubwa wote wawili, wanakula kwenye hiyo 12 tu. Kadi ile ni wati 125, prosesa ikibanwa inavuta hadi 88, ongeza maza bodi, diski, feni, unacheza kwenye 260 na ushee. Yaani dogo akirenda, pawasaplai ya "750" ilikuwa imeshajaa hadi shingoni. Nikaichomoa, kuishika tu nikacheka, tukaiweka kwenye mzani wa mama wa kupimia unga: kilo moja na robo. Ndani hamna kitu.

Niliifungua baadaye kwangu (usifungue ya kwako, zile kapasita zinashika umeme hata baada ya kuchomoa waya, mi nina njia ya kuzimaliza). Kapasita mbili kubwa za mikrofaradi 330 zimepangwa mfululizo, kwa hiyo kwa pamoja zinakuwa 165. Hizo ndo ndoo ya akiba. Umeme wa ukutani unakuja kwa mawimbi, unapanda unashuka, na kila katikati ya wimbi na wimbi pawasaplai inakunywa kwenye ndoo kwa kama milisekunde nane hadi inapojazwa tena. Ukutani kukiwa 230 kilele cha wimbi ni 325, ndoo imejaa pomoni. Kukiwa 158 kilele ni 223 tu, na nikikadiria kwamba pawasaplai ya namna hiyo inaanguka ndoo ikishuka chini ya 200, basi ukiwa unarenda akiba iliyobaki ni ya milisekunde mbili na kitu. Unahitaji nane una mbili. Inakata. Ukiwa hurendi, unaangalia tu video, mashine inavuta robo ya ule umeme, mbili zinakuwa kama kumi, unapita salama na wala hujui pampu imewaka. Ndo maana kupunguza nguvu ya kadi kulisaidia nusu. Ndo maana ilitaka vitu vitatu vikutane: kurenda, jioni, na mtu anayeoga. Jumamosi asubuhi mama anafua, pampu inawaka na kuzima kila mara, na siku hiyo moja ilipatia.

Kilichobaki ni kwamba 158 yenyewe ilinikera. Nikapima kwenye meni swichi wakati pampu inawaka, tukafungulia bomba makusudi: pale ilishuka hadi 181 tu. Kwa hiyo kutoka meni swichi hadi chumbani kwa dogo kuna volti 23 zinapotelea njiani. Hiyo sio kazi yangu, nikamwomba mama amwite fundi umeme, na fundi akagundua aliyefunga pampu hakupeleka waya wake peke yake, alidandia mstari wa soketi za vyumba vya nyuma, waya mwembamba, na ndani ya boksi la maungio amezungusha nyaya kwa mkono akafunga na tepu. Tepu ilikuwa imeungua, imekuwa kama ganda la muhogo uliosahaulika kwenye jiko. Pale mama alinyamaza kidogo, maana hiyo haikuwa tena habari ya kompyuta ya kijana. Pampu ikapewa mstari wake kutoka meni swichi, na waya mnene, siku hiyo hiyo.

Dogo akanunua pawasaplai mpya, 550W, ya cheti cha 80 Plus Bronze, imeandikwa 100 hadi 240 bila kiswichi. Alisita kwanza. "Bro natoka 750 naenda 550?" Nikamwonyesha jedwali la chini, ampea za 12V, akaelewa. UPS nilimwambia anunue hela ikipatikana, ila aje nayo tuijaribu na pawasaplai yenyewe kabla hajalipa, kuna zile UPS za bei rahisi ambazo umeme wake wa betri una wimbi la ngazi ngazi na baadhi ya hizi pawasaplai mpya hazilipendi, zinakata pale pale UPS inaposhika kazi, na sikutaka simu nyingine ya saa mbili usiku.

Ramu tumeiacha 2666. Alijaribu 2933 mwenyewe, Memtest ikampa makosa mawili baada ya saa tatu, akarudi chini kimya kimya. Kwenye kurenda anasema haoni tofauti.

Jaribio la mwisho tulilifanya jioni ya Jumanne, makusudi saa moja na nusu. Dogo kaanzisha kurenda, nguvu ya kadi imerudishwa asilimia mia, maltimita iko kwenye soketi. Mi nikaenda kufungulia bomba la bafuni na la uani yote mawili. Tukakinga ndoo zote, beseni, madumu ya jirani, sufuria la shughuli. Pampu ikakohoa, namba ya chini ikasoma 179, taa haikupepesa, mashine ikaendelea. Maji juu yakajaa, ikazima. Tukafungulia tena. Ikakohoa tena, mashine inaendelea. Mara ya tatu mama mwenye nyumba akatoka na khanga begani, akaangalia uwanja umejaa ndoo, akaangalia bomba, akaniangalia mimi.

"Fundi, hiyo kompyuta si ulisema haina shida na maji? Bili ya mwezi huu mtalipa wewe na huyu mwenzio."

Dogo alikuwa asilimia 94.